Kachumba ka kufanyia kazi nyumbani, nipige rangi gani isiyonichosha macho?

Kibarua wa Laptopu

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada kidogo, najua humu kuna mafundi na kuna watu wameshachezea kuta zao mpaka wakajuta, wote nawahitaji.

Iko hivi. Nina kachumba hapa nyumbani Kinyerezi kalikuwa stoo, miaka minne kamejaa mifuko ya simenti iliyoganda na baiskeli ya mtoto, sasa nimetoa vitu vyote nataka pawe ofisi yangu maana kazi nafanya kwa mtandao na meza ya chakula nimeichoka, kila nikifungua maiki kwenye mkutano inasikika mwiko unagonga sufuria. Ukubwa ni mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.8, dirisha moja linaangalia magharibi na huko huko magharibi jirani kaezeka bati jekundu. Rangi iliyopo ni ile ya samli aliyopiga fundi wakati tunahamia, hatukumchagulia, yeye alisema tu "bosi hii ndo wanapiga wote", akapiga, akachukua chake akapotea, namba haipatikani mpaka leo na choo hajakipiga koti ya pili.

Mimi nataka nevi bluu. Nimeona picha Pinterest, chumba kina nevi ukutani, kabati la vitabu, taa ya mezani, aisee nikajiona kabisa nimekaa pale na kikombe changu. Mke wangu anataka kijani kile kilichopauka kama majani ya mlonge yaliyokauka, anasema nikipiga nevi nitakuwa nafanya kazi ndani ya boksi la viatu. Shemeji naye kaingilia, ati ofisi ni nyeupe tu, ukitaka rangi nenda chekechea.

Macho yananiuma sana siku hizi, na mikutano ya video ni karibu kila siku. Hela ipo ya kupiga mara moja tu, nikikosea sirudii mwaka huu. Nipeni ushauri.

Bingwa wa Kitonga

Piga nyeupe mkuu, ulale.

Mama Kisamvu

Huyo wa nyeupe usimsikilize, dirisha la magharibi na ukuta mweupe pee saa kumi jioni utavaa miwani ya jua ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Ila na hiyo nevi ngoja nikupe yangu. Mwaka juzi na mimi niliona picha, yangu ilikuwa damu ya mzee, ukuta mmoja tu kwenye picha ila mimi kwa tamaa nikasema nne zote maana nilishanunua. Kachumba kama kako, kadogo. Siku ya kwanza nikapiga picha nikaweka stetasi, watu wakasifia mpaka basi. Siku ya pili nimekaa pale na makabrasha yangu (mimi ni mwalimu, nasahihisha nyumbani) nikaona mbona giza, nikawasha taa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi wadau, jua la Dar linawaka nje na mimi nimewasha taa! Mume wangu akipita anachungulia ananiuliza "nikuletee moto au baridi", ndo jina la bar likakaa mpaka leo, watoto wakitaka peni wanasema kachukue bar.

Afu kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Fundi wangu rangi ile alikuwa anaichanganya mwenyewe kwenye ndoo, anamimina nyeupe anatia tinta anakoroga na kijiti, anapaka kidogo kwenye kucha anaangalia. Ukuta wa tatu rangi ikaisha. Akachanganya nyingine. Alivyopaka mbichi nikaona sawa tu, ilivyokauka ukuta wa nne ni damu ya kijana, haufanani na wenzake kabisa. Nikasogeza kabati pale. Kabati halijatoka mpaka leo na mlango wake mmoja haufunguki vizuri kwa sababu umebanana na dirisha.

Kwa hiyo kama unapiga rangi iliyokolea piga ukuta mmoja, na inunue yote siku moja duka moja wachanganye kwa mashine wakupe namba. Ni hayo tu mdogo wangu.

Kibarua wa Laptopu

Hahaha dada "damu ya kijana" nimecheka peke yangu. Pole sana. Basi nevi ukuta mmoja, ule wa nyuma ya meza?

Rola na Brashi

Mkuu, mimi ni fundi rangi, naenda mwaka wa 14 kwenye hii kazi, niko upande wa Tabata. Nimesoma post yako mara mbili na kuna kitu kimoja hujasema ambacho kwangu ndo cha kwanza kabisa kabla ya nevi na kabla ya kijani. Unakaa kwenye hicho chumba saa ngapi mpaka saa ngapi?

Nakuuliza kwa sababu watu wanadhani rangi ipo kwenye kopo. Rangi unayoiona ukutani nusu yake ni mwanga uliopo humo ndani. Chumba cha mashariki asubuhi kinapata jua, mchana kimepoa. Cha magharibi ni kinyume, asubuhi kimenuna, kuanzia saa tisa jua linakuja limelala linapiga ukuta wa pili moja kwa moja, tena jua la machweo ni la chungwa, ile samli yako jioni bila shaka inageuka kama ndani ya papai. Na wewe una bati jekundu la jirani, hilo ni kioo kingine, linachukua jua linakurushia wekundu ndani. Nilishapiga kijivu safi kabisa kwa mteja mmoja, nje dirishani kuna mwembe mkubwa, mama akaniita kesho yake ananiambia umeniletea kijani. Nikachukua kopo nikampaka kwenye karatasi nikampeleka sebuleni akaona kijivu, tukarudi chumbani kijani. Ni mwembe ule. Sikulipwa haraka kazi ile, nilibishana sana.

Sasa wakati unanijibu ngoja nikusaidie mahesabu usije ukauziwa ndoo ya lita 20 kwa kachumba. Zunguka chumba, 3 na 3.5 na 3 na 3.5 unapata mita 13, zidisha kimo 2.8 ni kama 36.4. Toa mlango na dirisha, weka 3.7 hivi, unabaki na mita za mraba karibu 33. Koti mbili ni 66. Emalsheni ya kawaida, yaani rangi ya maji ya ukutani, lita moja inakula kama mita 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4 na unabaki na akiba ya kuzibia mikwaruzo. Ukuta ukiwa na vinyweleo au ukitoka kwenye rangi iliyokolea kwenda nyepesi itakula zaidi. Dari hesabu yake peke yake, na dari piga nyeupe ya mati, ile isiyong'aa, hapo sibishani na mtu, dari ndo inakurudishia mwanga chini.

Afu stoo iliyokaa miaka minne na mifuko ya simenti, angalia chini ya ukuta kama kuna unga mweupe unatoka ukipitisha mkono. Ile ni chumvi, maana yake kuna unyevu. Ukipiga rangi juu yake ndani ya miezi itavimba kama chapati. Kwanza ujue maji yanatoka wapi, ukuta ukauke, kwangua, piga msasa, futa vumbi, praima (ile koti ya chini ya kushikisha rangi), ndo uje na rangi. Na sehemu utakazoziba kwa plasta mpya uzipe wiki nne, usiharakishe, simenti mbichi inakula rangi.

Jibu hilo swali la saa.

Kibarua wa Laptopu

Fundi kweli sikusema. Kampuni iko Marekani upande wa mashariki, wao wanaanza saa tatu asubuhi yao, huku inakuwa saa kumi jioni au saa kumi na moja, inategemea na miezi maana wenzetu wanasogeza saa zao. Natoka saa saba usiku, wakati mwingine saa nane. Mchana chumba kinabaki kimefungwa.

Unga mweupe upo kona moja, ile ya bomba la choo 😭

Rola na Brashi

Umeona sasa. Basi sahau karibu kila kitu wanachokwambia kuhusu jua. Wewe jua lako ni la muda wa saa moja na nusu, mbili na kitu zikizidi, la machweo, halafu baada ya hapo masaa sita nzima uko chini ya taa. Ukuta wako unachaguliwa usiku. Na ukienda dukani saa sita mchana ukasimama mlangoni kwenye jua na kile kitabu cha kadi za rangi, unachagulia mtu mwingine kabisa.

Kwanza balbu. Angalia kwenye boksi imeandikwa namba na herufi K. 6500K ni ile nyeupe inayoelekea bluu, ndo nyumba nyingi zinayo, ukiweka kijivu au nevi humo ndani usiku utadhani mochwari. 3000K ni ya njano, inafanya nevi ionekane kama nyeusi iliyochakaa na krimu ikolee. Kazi ya usiku mi huwa nawaambia watu wachukue 4000K, iko katikati. Badilisha balbu KABLA ya kuchagua rangi, sio baada.

Pili usipake majaribio ukutani moja kwa moja, ile samli iliyopo inakudanganya jicho. Chukua maboksi, kata vipande vikubwa kama mlango wa frijidi ndogo, paka koti mbili, acha vikauke kabisa maana emalsheni mbichi huwa inaonekana nyepesi, ikikauka inakolea. Visimamishe ukuta utakaoutazama, sio sakafuni. Angalia saa kumi na moja jua likiwa ndani, angalia saa moja jioni, angalia saa tano usiku ukiwa umechoka. Hiyo ya saa tano ndo ina kura ya turufu.

Tatu, usiku ukuta ulio nyuma ya skrini usiwe nevi. Skrini inawaka, nyuma yake giza, jicho linafunguka kwa giza linafinywa na skrini, saa nane zote hizo. Usiwe mweupe wa kumeta pia. Wa kati. Nyuma ya kadi nyingine za rangi kuna namba inaitwa LRV, 0 ni nyeusi tii na 100 ni nyeupe kabisa, yaani mwanga kiasi gani unarudi. Kwa chumba kama chako mi ningekaa kwenye 50 na kitu hadi 60.

Na chukua mati au ile yenye mng'ao kidogo sana. Siliki inafutika vizuri ni kweli, ila ina mng'ao, na dirisha la pembeni na jua lililolala litakuonyesha kila bonde na kila kilima alichoacha mtu wa skimu, yule aliyelainisha ukuta.

Daktari wa Mitaani

Mbona mnazunguka sana, mambo ya rangi yanajulikana, bluu inaongeza umakini, kijani inatuliza, nyekundu inaleta hasira, njano inaleta ubunifu. Jamaa apige bluu, kazi zitaenda zenyewe.

Rola na Brashi

Nimepiga bluu nyumba nyingi sana mkuu. Wenye nyumba ni walewale.

Mama Kisamvu

😂😂 na mimi nyekundu haikuniletea hasira, iliniletea bili ya umeme.

Lenzi Tegeta

Naomba niingie hapo kwenye mikutano ya video maana mnaongelea anachokiona yeye, hamjaongelea anavyoonekana.

Mi napiga picha za harusi na za ofisini. Kamera ya laptopu ina akili ndogo, inapima mwanga wa fremu nzima inatafuta wastani. Nyuma yako pakiwa peupe pee inasema hapa pana mwanga mwingi, inapunguza, na anayepunguzwa ni wewe. Sisi wenye ngozi zetu hizi ndo tunaumia zaidi, unabaki meno na kola ya shati. Simu na laptopu za bei siku hizi zinatafuta uso zinajitahidi, ila hizi zetu za kawaida bado. Kwa hiyo shemeji wa nyeupe hapo kakosea. Nyuma yako weka rangi ya kati, hata ikikolea kidogo kuliko kuta nyingine ni sawa, uso unatoka.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba ukuta unaokuharibu sura sio wa nyuma, ni ule ULIOUTAZAMA na wa ubavuni karibu yako. Taa inapiga pale, inarudi usoni kwako imebeba rangi ya ukuta. Kijani hicho cha shemeji yetu wa kike kizuri sana mchana, lakini ukikaa nacho mita moja usiku na taa imekielekea, mteja wa Marekani atakuuliza kama una malaria. Nilishapigia picha mtu kwenye ofisi ya kijani cha ndimu, masaa mawili natoa kijani usoni kwenye kompyuta.

Kama lazima nevi au kijani, ipeleke ukuta wa nyuma yako ambao wewe hauuoni ukiwa kazini ila wao wanauona. Mbele yako weka kitu chenye joto kidogo, kitu cha jamii ya mchanga, kahawa yenye maziwa mengi, ugoro uliopauka. Ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi zote zinapendeza kwenye mwanga unaorudi kutoka rangi hizo. Na usikae na dirisha nyuma ya mgongo wakati wa machweo, utakuwa kivuli kinachoongea.

Mwana wa Mji wa Kale

Salaam kutoka Mombasa. Mie nasoma hapa nafurahi, lakini huyo fundi kasema jambo moja la chumvi nataka niongeze, huenda kuna mwengine anasoma na nyumba yake ni ya zamani.

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya mababu, kuta zina upana wa mkono mzima. Nami nilipoanza kufanya kazi nyumbani nikataka chumba kizuri, nikanunua rangi ya kisasa ya plastiki, ile wanokwambia yafutika kwa sabuni. Nikapaka kijivu. Wallahi miezi sita haikufika, ukuta ukaanza kutoka matumbo, wagusa hivi, ganda lote laja mkononi na mchanga nyuma yake. Nikamwita fundi mzee wa hapa mtaani akanicheka. Akanambia ukuta wa chokaa wapumua, unyevu waingia na kutoka, wewe umeuvisha mfuko wa nailoni. Tukakwangua yote. Tukarudi kwa chokaa iliyorowekwa, koti nyembamba nyembamba tano, kila moja yakauka kabla ya nyingine.

Na rangi je? Nyanyangu zamani alikuwa akitia bluu ya kufulia kidogo ndani ya chokaa, kidogo tu, ukuta utoke mweupe usio na umanjano. Mie nilitia udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, ikatoka rangi kama ya ganda la ndani la chaza. Haing'ari. Jua likiingia halikuchomi macho, latua tu pale ukutani. Ubaya wake ni kuwa ukiegemea waondoka na shati jeupe mgongoni, hilo nakubali, kiti changu nimekisogeza.

Wewe wa Kinyerezi nyumba yako ni matofali na simenti, haya hayakuhusu sana. Lakini tengeneza hilo bomba kwanza, rangi haizibi bomba.

Mpangaji Sugu

Na sisi wa kupanga je? Mwenye nyumba wangu kasema nikitoka nirudishe krimu ileile, na krimu yenyewe hata yeye hajui ni ipi.

Lenzi Tegeta

Nunua plaiwudi moja au mbili, paka rangi unayoitaka, egemeza nyuma ya kiti. Kwenye kamera hakuna anayejua. Ukihama unahama nazo. Wengine wanatumia kitenge kikubwa kilichonyooshwa, ila kiwe cha rangi moja tulivu, yale maua makubwa yanacheza kwenye video, mtu anakuangalia anasikia kizunguzungu.

Kibarua wa Laptopu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, wiki tano zimepita. Naleta mrejesho maana naona watu humu wanaomba ushauri wanapotea.

Bomba kwanza. Fundi bomba alivunja kona yote, kumbe kiungio kilikuwa kinavuja taratibu ndani ya ukuta toka tunahamia. Tukaziba, plasta, nikasubiri zile wiki nne kama nilivyoambiwa, mke ananiuliza kila jumapili "bado tu ukuta wako haujapona?"

Wakati nasubiri nikafanya mambo ya maboksi. Nikabadilisha balbu kwanza nikaweka 4000K. Nikanunua makopo madogo manne: nevi, kijani cha mama, kijivu, na moja ambayo kwenye kadi ina jina la kizungu refu nikaichukua kwa sababu namba yake ya LRV ilikuwa 54, basi, sikuipenda hata. Nikakata boksi la televisheni vipande vinne nikapaka nikavisimamisha mbele ya meza.

Saa kumi na moja nevi ilikuwa nzuri kuliko zote, nikampigia mke picha nikamwambia unaona. Saa tatu usiku nikaitazama tena ikawa kama shimo, jicho linatoka kwenye skrini linatumbukia. Kijivu kikapokea wekundu wa bati la jirani jioni kikawa pinki, kweli kabisa pinki, mtoto akapita akasema baba unapaka chumba cha dada? Kijani nilikaa nacho usiku mmoja nikafungua kamera, aisee Lenzi ulisema kweli, sura yangu ilikuwa kama nimetoka kulazwa, hata mke alivyoona akanyamaza mwenyewe.

Ile ya nne saa tano usiku nilisahau kama ipo. Nilikuwa nafanya kazi tu, nikashtuka ni saa saba, macho hayajawasha. Nikamwita mke akaisimamia kidogo na kanga yake kichwani akasema "hii si uji wa ulezi huu, wenye maziwa". Na ndivyo ilivyo, uji wa ulezi ukipoa kidogo kabla haujaweka utando. Kwa hiyo kuta tatu uji, mati, na ukuta wa nyuma ya kiti tukampa kijani chake cha mlonge ili amani iwepo, kwenye video kinatoka vizuri sana. Nevi nimepaka kabati la vitabu peke yake. Dari nyeupe. Ilienda kopo moja la lita 4 na kipande cha la pili kwa zile kuta tatu, fundi mahesabu yako yamesimama.

Macho bado yanachoka, sitadanganya, masaa nane ni masaa nane. Ila kuuma kumepungua na nimeacha ule mchezo wa kuzima taa nibaki na skrini tu.

Rola na Brashi

Safi sana mkuu, wateja wote wangekuwa kama wewe ningekuwa na nywele bado. Sasa ile namba ya rangi na jina la duka usiweke kwenye simu, simu zinaibiwa, na karatasi inapotea. Panda juu ya kiti uandike kwa peni ya maka juu ya fremu ya mlango, ule upande wa juu kabisa ambao hakuna anayeuona. Miaka mitatu ijayo ukitaka kuziba mkwaruzo utanikumbuka.

Kibarua wa Laptopu

Fundi nimepanda sasa hivi kuandika. Kuna vumbi la kidole kizima, nikafuta, chini yake nikakuta maandishi ya penseli: namba ya ile samli, na pembeni namba ya simu ya yule fundi wetu aliyepotea, sio ile tuliyokuwa nayo sisi. Nimeipiga inaita. Mke ananiambia nianze na habari ya koti ya pili ya choo.